Anayeogopa Kuandikwa na Anayeogopa Kuachwa

Kila mjadala wa kitambulisho cha taifa ukizuka, anayesikika zaidi ni yule anayeogopa kuandikwa. Hofu yake si ya kuchekwa, hasa nchini Kenya. Kuanzia mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kutembea na kipande, karatasi iliyotiwa kwenye kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ndani mlikuwa na alama za vidole, kabila lake na kazi alizowahi kufanya. Akitaka kuacha kazi, sharti mwajiri atie saini. Akiondoka bila saini hiyo, alihesabiwa mtoro na kusakwa na polisi. Haishangazi kwamba mwanaharakati Harry Thuku alipowakusanya watu Nairobi mwaka 1921, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa.

Lakini kesi ya Huduma Namba, mfumo wa serikali ya Kenya wa kusajili watu kidijitali, ilikuwa na walalamishi wenye hofu tofauti kabisa. Wanubi wa Kibra jijini Nairobi, wazao wa askari wa Sudani walioletwa na Waingereza, hawakukikataa kitambulisho. Walikuwa wamekihangaikia kwa vizazi. Kijana wao akitimiza miaka 18, cheti cha kuzaliwa pekee hakikumfaa. Alifikishwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa apigwe msasa, pengine adaiwe hata karatasi za babu yake. Sasa serikali ilitaka kujenga mfumo mpya juu ya daftari lilelile lililowaacha nje. Bila kitambulisho husajili laini ya simu, hufungui akaunti, hupigi kura, na kwenye majengo mengi ya Nairobi askari wa getini hakuruhusu kupita.

Sheria ya usajili wa watu, iliyorekebishwa mwaka 2018, iliruhusu kukusanywa umbo la ndewe ya sikio, mboni ya jicho, sauti, hata DNA. Tarehe 30 Januari 2020, majaji Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir walizuia DNA na vipimo vya GPS vya makazi ya mtu, wakaruhusu mengine yaendelee mradi kanuni za kulinda taarifa ziwekwe kwanza. Oktoba 2021, Jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji wa kadi kwa sababu serikali haikufanya tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kwa maoni yangu, mahakama ililinda taarifa za watu vizuri kuliko ilivyowalinda wasio na taarifa zozote. Majaji wa 2020 walikiri kwamba wasio na vyeti, na wale ambao alama zao za vidole hazisomeki (wavunja mawe wanalijua hili), wanaweza kuachwa nje, ila suala hilo wakaliachia kanuni.

Maisha Namba, mfumo ulioifuata Huduma Namba, huanzia kwenye usajili wa kuzaliwa, na Februari 2025 Rais Ruto alitangaza mwisho wa msasa wa ziada kwa wakazi wa kaskazini mashariki. Tangazo la rais ni jambo moja, kaunta ya usajili ni jingine. Ibara ya 47 ya Katiba inampa aliyenyimwa haki yake na afisa wa serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Anayeambiwa "njoo wiki ijayo" kwa mara ya tatu aidai karatasi hiyo, maana kauli ya mdomo ni vigumu kuikatia rufaa.