Maji Katika Tangi la Upepo: Kazi ya Vali Ijifunguayo

Barabara itokayo mjini Iringa kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha huteremka kutoka nyanda za juu zenye baridi hadi kwenye tambarare yenye joto, na huko ndiko kiliko kijiji cha Idodi. Kwa miaka mingi njia hiyo imekuwa ya changarawe, na changarawe haina huruma kwa matairi. Katika vijiji vya namna hii mashine ya kujazia upepo, yaani kompresa, ni chombo cha lazima kwa baiskeli, pikipiki, trekta na magari ya abiria. Aghalabu huwekwa uani mwa nyumba au chini ya mti kando ya barabara, na watoto hupenda kuizunguka.

Fundi afunguapo koki iliyo chini ya tangi, maji ya rangi ya kahawia humwagika. Maji hayo yametoka wapi, ilhali hakuna aliyeyatia? Jibu limo katika fizikia ifundishwayo darasani, na kulipuuza kwaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Asili ya maji

Hewa yote tuivutayo ina mvuke wa maji usioonekana. Chupa ya soda baridi ikiwekwa mezani hulowa upande wa nje, kwa sababu mvuke uliomo hewani hupoa unapoigusa na kugeuka matone. Kiasi cha mvuke kinachoweza kukaa katika nafasi fulani hutegemea halijoto. Kwa nyuzi 30 za Selsiasi, meta moja ya ujazo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30 hivi za mvuke. Kwa nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi.

Mwaka 1662 Robert Boyle alitangaza kwamba, halijoto isipobadilika, hewa ikibanwa hadi nusu ya ujazo wake, kanieneo yake huongezeka mara mbili. Kompresa hutumia kanuni hiyo. Geji ya tangi ikionyesha kilopaskali 700, na kanieneo ya hewa ya nje ikiwa kiasi cha kilopaskali 100, jumla ni 800. Maana yake ni kwamba hewa iliyojaa meta 8 za ujazo imesongwa ndani ya meta moja.

Lakini mvuke haukubali kusongwa bila kikomo. Ichukuliwe siku ya masika yenye nyuzi 30, ambapo hewa ina asilimia 60 ya mvuke inaoweza kubeba, yaani gramu 18 katika kila meta ya ujazo. Meta 8 za hewa hiyo zina gramu 144. Zikisongwa hadi meta moja na kurudi kwenye nyuzi 30, ni gramu 30 tu ziwezazo kubaki katika hali ya mvuke. Gramu 114 zilizosalia hugeuka maji.

Wengi hudhani kwamba wakati wa kiangazi tangi hubaki kavu. Hesabu hukataa. Hata hewa ikiwa na asilimia 30 tu ya mvuke, meta 8 zina gramu 72, na gramu 42 zitageuka maji. Ili tangi lisipate maji kwa kanieneo hiyo na halijoto hiyo, unyevu wa hewa ungepaswa kuwa chini ya sehemu moja ya nane, yaani asilimia 12.5.

Kompresa inayovuta lita 100 za hewa kwa dakika, ikifanya kazi saa mbili kwa siku, huvuta meta 12 za ujazo. Katika siku ya masika iliyotajwa, hewa hiyo huacha gramu 171 za maji. Katika siku 26 za kazi, zaidi ya lita 4 zaweza kukusanyika. Sehemu ya maji hayo huondoka na upepo na kuingia katika matairi. Yaliyobaki hutuama chini ya tangi.

Hatari isiyoonekana

Chuma, maji na oksijeni vikikutana, kutu hutokea. Ndani ya tangi vyote vitatu vipo, na oksijeni imesongwa pamoja na hewa nyingine. Kwa kuwa maji hutuama sehemu ya chini, bati huliwa hapo hapo mwaka baada ya mwaka, na rangi ya nje huendelea kung'aa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tangi la lita 100 lenye kanieneo iliyotajwa, likipasuka ghafla, laweza kuachia nishati ya kiasi cha kilojuli 90. Nishati hiyo yatosha kuinua mzigo wa tani moja hadi urefu wa meta 9. Vali ya usalama haizuii ajali ya namna hii, kwani kazi yake ni kuachia hewa kanieneo inapozidi kiwango. Bati lililodhoofika hupasuka hata kanieneo ikiwa ya kawaida.

Vali hufanyaje kazi?

Dawa ya kwanza ni kufungua koki kila siku. Lakini fundi mwenye wateja wengi husahau, na kutu haisahau. Kwa sababu hiyo zimetengenezwa vali zijifunguazo zenyewe.

Aina moja hutumia boya. Maji hushuka kutoka tangini na kuingia katika kikombe cha chuma. Yakipanda, boya huinuka na kufungua tundu dogo, na kanieneo ya hewa huyasukuma maji nje. Yakipungua, boya hushuka na kuziba tundu. Aina hii haihitaji umeme, hivyo yafaa kwa kompresa iendeshwayo na injini ya petroli.

Aina nyingine hutumia sumakuumeme na saa. Umeme upitapo katika koili, sumaku huvuta kipande cha chuma na kufungua njia. Umeme ukikatika, springi huifunga. Saa yaweza kupangwa ifungue kwa sekunde 2 kila baada ya dakika 30. Hasara yake ni kwamba hufungua hata pasipo maji, na hewa kidogo hupotea.

Kuifunga vali

Kwanza mashine izimwe na kutengwa na umeme, kisha hewa yote itolewe hadi geji isome sifuri. Hakuna hesi ya tangi iruhusiwayo kulegezwa kabla ya hapo. Koki ya zamani ifunguliwe na maji yachunguzwe: vipande vya kutu vikitoka, tangi lipimwe na mtaalamu kabla ya kutumika tena.

Mahali pa koki pafungwe kwanza koki ya mkono, kisha chujio la kuzuia takataka, na mwisho vali yenyewe. Koki ya mkono huwezesha vali kuondolewa na kusafishwa. Hesi zizungushiwe tepu ya kuzibia. Vali ya boya isimame wima, chini ya usawa wa tangi, na bomba lake lisiwe na sehemu inayopanda. Maji yanayotoka huwa na oili. Yaelekezwe katika chombo, wala yasimwagwe karibu na kisima au mfereji wa mpunga. Mwishowe tangi lijazwe polepole na viungo vipakwe povu la sabuni. Mapovu yakivimba, pana uvujaji.

Tangi lisitobolewe wala kuchomelewa ili kuweka vali. Bati lililoliwa na kutu halitibiwi kwa kiraka.

Yafaa pia ieleweke kwamba vali hii haimwondolei mtu wajibu wake. Tundu lake dogo huweza kuzibwa na kutu, na boya huweza kukwama. Kila juma koki ya mkono ijaribiwe, na kama chombo cha chini ni kikavu wakati wa masika, vali ishukiwe. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakaguzi wa wakala husika hukagua vyombo vya kanieneo. Upimaji hufanywa kwa kujaza tangi maji na kuyasukuma, kwani maji hayabaniki kwa urahisi kama hewa. Tangi likishindwa, huvuja bila kulipuka.

Mwanafunzi apitaye karibu na kompresa ya kijijini kwao anaweza kumwuliza fundi swali moja: tangi hili lilimwagwa maji lini? Swali hilo laweza kuokoa maisha ya fundi, na ya watoto waizungukao mashine yake.