Haka ni Mtu Gani?

Magazeti humwita haka "mdukuzi", na wengi hudhani ni mwizi tu. Sivyo. Neno hili lilianza kuvuma miaka ya 1950 miongoni mwa wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, waliochokonoa nyaya za treni zao za kuchezea wapate kujua ziendavyo.

Nendeni Kariakoo mkamtazame fundi simu. Huifungua simu iliyokufa, huipima umeme kwa mita, humwuliza fundi mwenziwe, hujaribu tena. Huyo ni haka, japo hajiiti hivyo.

Mwataka kuwa kama yeye? Anzeni na redio mbovu ya nyumbani. Toeni betri kwanza! Lakini msiingie katika simu wala kompyuta ya mtu bila ruhusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 yakataza, hata kama hamkuiba kitu.