Kompresa Inayovuja Upepo: Kipi Hutengenezwa na Kipi Huachwa

Kata ya Makurunge ipo mahali barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata inapoachana na njia ya kuelekea Saadani na Pangani. Malori ya mananasi kutoka Kiwangwa, magari ya mashamba ya miwa na bodaboda hupita hapo mchana na usiku, na penye vyombo vya moto vingi kiasi hicho hapakosi fundi pancha. Kitendea kazi chake kikuu ni kompresa, mashine inayovuta hewa ya kawaida, kuikandamiza na kuihifadhi ndani ya tangi la chuma hadi itakapohitajika.

Hakuna kompresa iliyotumika miaka kadhaa bila kuvuja mahali fulani. Jambo la kujua ni inavujia wapi. Upepo unaotoka kwenye viungo, yaani kwenye oringi, gasketi, vali, mpira au nati, ni suala la matengenezo ya kawaida ambalo mara nyingi humalizwa kwa kifaa cha bei ndogo. Upepo unaotoka kwenye bati la tangi lenyewe ni habari nyingine kabisa: tangi hilo limefika mwisho wa maisha yake. Hasara na ajali huanzia pale aina hizi mbili zinapochanganywa. Mmoja huiuza mashine nzima kama chakavu kwa sababu ya oringi iliyokauka, na mwingine huchomelea tundu la kutu kwenye tangi kisha akaendelea na kazi, wateja wakiwa wameketi kwenye benchi kando yake.

Ukubwa wa hatari hauonekani kwa macho, hivyo ni vema ukahesabiwa. Kompresa nyingi za gereji ndogo hujazwa hadi baa 8, sawa na pauni 116 hivi kwa kila inchi ya mraba. Kwa kiwango hicho kila sentimita ya mraba ya tangi husukumwa na uzito unaozidi kilo 8. Kifuniko cha pembeni cha tangi lenye kipenyo cha sentimita 35 kina eneo la sentimita za mraba zipatazo 960. Kwa hiyo kinasukumwa kutoka ndani kwa nguvu ya zaidi ya tani 7. Tena hewa iliyokandamizwa hutunza nguvu kama springi iliyobanwa. Bati likiachia, nguvu yote hutoka kwa mara moja, na vipande vya chuma hurushwa mbali.

Kutambua panapovuja hakuhitaji kifaa cha gharama. Tangi hujazwa, mashine huzimwa, bomba la kutolea upepo hufungwa, na namba iliyopo kwenye geji huandikwa. Baada ya nusu saa geji husomwa tena. Kama haikushuka, tangi na vali zake ni salama, na kosa litafutwe upande wa pili wa bomba: kwenye mpira wa upepo, viunganishi vyake au kichwa cha kujazia. Kama imeshuka, maji yenye sabuni hupakwa kwa brashi kwenye kila kiungo, na povu litaonyesha. Sabuni ya kuoshea vyombo hufaa. Kutafuta kwa kiganja hakufai, kwa kuwa ndege nyembamba ya upepo wenye presha kubwa inaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini.

Yapo mavujo yanayojieleza yenyewe. Upepo ukiendelea kufoka chini ya suichi baada ya mota kujizima, kosa kwa kawaida haliko kwenye suichi hiyo, ingawa ndiyo inayobadilishwa kwanza na wengi. Aghalabu vali inayozuia upepo kurudi, ile iliyofungwa pale bomba la kutoka kwenye pampu linapoingia tangini, imeshika uchafu au kipande chake cha mpira kimelika. Hufunguliwa, husafishwa, na kipande hicho hubadilishwa. Upepo ukifoka hapo wakati mota inazunguka, ndipo kivali kidogo cha suichi kishukiwe.

Kabla ya spana yoyote kuguswa, mashine huzimwa na kuchomolewa kwenye umeme, kisha kizibo cha chini ya tangi hufunguliwa polepole hadi upepo wote utoke. Geji ikisoma sifuri, kizibo kiachwe wazi muda wote wa kazi, kwa maana geji nazo hukwama. Desturi ya kukaza nati wakati tangi limejaa, ili sauti ya upepo ikome papo hapo, ni ya hatari kuliko zote zinazoonekana kwenye vibanda vya barabarani. Nati iliyochoka hukatika wakati wa kukazwa, na uso wa fundi huwa karibu nayo.

Mafundi wengi wana ustadi wa kukata gasketi kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Kwa tangi la maji la nyumbani ubunifu huo unafaa. Kwa kompresa haufai, maana mpira wa aina hiyo hunywa oili, ukavimba na kulainika, na baada ya muda mfupi upepo huvuja tena. Kinachotakiwa ni oringi inayostahimili oili, na maduka ya vipuri vya magari huziuza kwa kupimisha ile ya zamani. Oringi mpya hupakwa oili kidogo ya kompresa ili isijikunje inapoingizwa, na mfereji wake husafishwa kwa kitambaa. Bisibisi isitumike kukwangua mfereji huo: mkwaruzo mmoja unatosha kuwa njia ya upepo. Tepu nyeupe ya mabomba ni ya viungo vya nyuzi visivyo na oringi. Huzungushwa kufuata upande wa kukaza, na uzi wa kwanza huachwa wazi ili vipande vya tepu visikatike na kuingia kwenye vali.

Petroli isitumike kusafishia chujio la hewa wala sehemu za ndani za pampu. Mvuke wake huvutwa ndani, hukandamizwa na kupata joto, na mchanganyiko huo unaweza kulipuka.

Kipulizio cha mkononi, ambacho mafundi hukitumia kutoa vumbi kwenye injini, nacho kina sili yake nyuma ya kitufe. Kikiendelea kupuliza baada ya kitufe kuachwa, kwa kawaida sili imekatika au chembe ya mchanga imekaa chini yake. Hutolewa kwenye mpira, husafishwa au sili hubadilishwa. Kisifungwe kwa waya. Wala kisielekezwe kwenye nguo au mwili wa mtu, hata kwa mzaha. Upepo wa baa chache huweza kujeruhi jicho, kupasua kiwambo cha sikio au kuingiza hewa chini ya ngozi, na aliyepatwa na hilo anatakiwa kufikishwa kituo cha afya mara moja, hata kama jeraha linaonekana dogo.

Kwa kaya zenye pampu ya mkono ya baiskeli, ugonjwa wa kawaida ni ngozi iliyo kwenye ncha ya mtaimbo wake kukauka. Ngozi hiyo haihitaji kubadilishwa upesi. Huloweshwa kwenye oili usiku kucha, hupanuliwa taratibu kwa vidole, na pampu hurejea kusukuma kama zamani.

Adui mkubwa wa tangi katika ukanda wa pwani ni maji. Hewa ya Bagamoyo ina unyevu mwingi, na inapokandamizwa haiwezi kuubeba wote. Tangi la lita 100 likijazwa hadi baa 8 siku yenye joto la nyuzi 30, kati ya gramu 15 na 20 za maji hubaki ndani mara hewa inapopoa. Hivyo ni kama vijiko vitatu au vinne vya chai kwa kila ujazo. Fundi anayejaza na kutumia siku nzima hukusanya karibu glasi moja. Maji hayo hutuama chini, mahali pasipoonekana, na kula chuma kutoka ndani wakati rangi ya nje bado inang'aa. Ndiyo sababu kizibo cha chini hufunguliwa kila jioni. Maji yakitoka na rangi ya kutu, ni dalili kuwa chuma kinaliwa na tangi linahitaji kukaguliwa.

Tone likionekana kwenye bati, au povu la sabuni likichemka mahali pasipo na kiungo, kazi isimame. Gundi ya chuma, risasi na kuchomelea havirudishi unene uliolika. Joto la kuchomelea huweza hata kudhoofisha bati la kando ya kiraka. Hali kadhalika vali ya usalama ikivuja hubadilishwa kwa nyingine ya kiwango kilekile cha presha kilichoandikwa kwenye kibati cha tangi. Kuiziba kwa bolti ni kuondoa mlango pekee wa dharura uliopo. Mitungi ya gesi ya kupikia nayo haikutengenezwa kwa kazi hii na isigeuzwe matangi ya upepo.

Ukaguzi wa vyombo vinavyohifadhi presha ni jukumu la Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2003, na sheria hiyo huhusu pia karakana ndogo. Kwa vijana waliojiunga katika kikundi na ambao kompresa yao imefika mwisho, upo mfuko wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, unaogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Maombi huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Tangi lililokataliwa lisiuzwe likiwa zima kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Likishaondolewa upepo wote na kizibo kuachwa wazi, litobolewe matundu makubwa mawili au matatu, ili asiwepo wa kulipaka rangi na kulirudisha barabarani.