Wapuliza matarumbeta wanaweza kuwa zimamoto wetu

Wapuliza matarumbeta wa Kanisa la Moravian wilayani Rungwe hawaishi kwa muziki. Juma zima huyu yuko kwenye migomba, yule anachuma chai, mwingine anapiga randa. Alfajiri ya Pasaka ndio wanaowaongoza waumini makaburini kuungoja ufufuo.

Desturi hiyo ina asili ya mbali. Mmisionari Theodor Meyer na wenzake walifika Rungwe kutoka Ujerumani mwaka 1891, na katika kanisa lao tarumbeta ilikuwa sehemu ya ibada. Ndugu zao wa imani walikuwa wametangulia Marekani zaidi ya karne moja. Huko Bethlehem, Pennsylvania, kundi lao la tromboni lilianza mwaka 1754, na likawa pia ndilo linalotangaza msiba mjini.

Katika mji wao mwingine, Salem, North Carolina, nyumba ya wageni iliteketea Januari 1784. Wazee wa kanisa waliagiza pampu mbili za kuzimia moto kutoka Ulaya, zikafika mwaka uliofuata. Zilikuwa za kusukumwa kwa mikono, na mikono yenyewe ilikuwa ya wenyeji: maseremala, wafinyanzi, waokaji. Mji huohuo, George Washington alipouzuru mwaka 1791, ulimpokea kwa tarumbeta. Kwao muziki na uokoaji vilikuwa utumishi kwa jirani.

Sisi tumerithi nusu moja tu, ile ya muziki; uokoaji tumeuachia serikali. Sheria ya mwaka 2007 ilituundia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na namba yake ya dharura ni 114. Lakini moto ukiwaka usiku wa masika, barabara za milimani zikiwa tope, anayefika kwanza ni jirani aliyesikia yowe, mkononi ana ndoo.

Jirani huyo afundishwe. Ajue kwamba moto wa mafuta humwagiwa mchanga, si maji, na kwamba ndani ya moshi mtu hutambaa, hasimami. Kata kama Lufingo haina haja ya kuunda kikosi kutoka sifuri: kundi la tarumbeta lina kiongozi, siku za mazoezi, na vijana waliozoea kuitika bila malipo. Viongozi wa kata na wa makanisa waliombe jeshi hilo mafunzo sasa, wakati hakuna nyumba inayoungua.