Mihogo Michungu na Pumzi ya Mwili

Wasomaji wetu, watu wengi hudhani ya kuwa kupumua ni kazi ya mapafu peke yake. Twavuta hewa, twaitoa, basi. Lakini mapafu ni mlango tu. Kupumua kwenyewe hufanyika mbali zaidi, katika zile chembe hai zinazoujenga mwili, ziitwazo seli, nazo ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Twataka kulieleza jambo hili kwa chakula ambacho kila nyumba ya Chidya, Masasi na Newala yakijua, yaani ugali wa muhogo. Maana katika nchi yetu hii ya kusini wako watu waliolemaa miguu kwa kula muhogo usiotengenezwa vyema.

Tonge la ugali likiisha kumeng'enywa, wanga wake hugeuka sukari iitwayo glukosi, nayo huchukuliwa na damu mpaka kwenye seli. Sukari hiyo ina nguvu ndani yake, kama kuni zilivyo na moto. Lakini mpishi mwenye akili hatii mzigo wote wa kuni jikoni kwa mara moja. Seli nayo huivunja glukosi hatua kwa hatua. Kwanza huikata vipande viwili pasipo kuhitaji hewa, na faida yake ni vipimo 2 tu vya nguvu. Kisha vipande hivyo huingia katika vyumba vidogo viitwavyo mitokondria, na humo huvunjwa hata hubaki hewa ya ukaa, ndiyo tuitoayo puani.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Elektroni zilizotoka katika sukari hupokezanwa mkono kwa mkono, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo tangu kisimani hata nyumbani. Mkono wa mwisho ni kimeng'enya kiitwacho sitokromu oksidasi, chenye chembe za chuma ndani yake. Huyo ndiye azikabidhiye elektroni kwa oksijeni, hewa ile tuliyoivuta, na hapo hutokea maji. Kwa kupokezana huko seli hupata vipimo kama 30 kwa kila chembe moja ya glukosi. Vipimo hivyo huitwa ATP, navyo ndivyo vikazavyo misuli na kuutia ubongo kazini. Tena ATP haiwekwi ghalani. Hutengenezwa na kutumika papo hapo, mchana na usiku.

Basi, mkulima apandapo mihogo michungu hana ujinga. Nguruwe mwitu na nyani huiacha, na udongo dhaifu huivumilia. Uchungu wake unafuatana na kitu kiitwacho linamarini, nacho ni glukosi ile ile, ila imefungamana na sumu. Mzizi ukipondwa au ukilowekwa, kimeng'enya kingine kilichokaa katika kuta za seli zake hukutana na linamarini na kuifungua. Sukari yaachana na sumu, na sumu hiyo, iitwayo sianidi, huruka kama hewa. Ikiwa haikupewa nafasi ya kuruka, huliwa pamoja na ugali. Ifikapo katika seli hushika kile chuma cha mkono wa mwisho. Ndoo zote zasimama. Damu imejaa oksijeni, sukari ipo tele, na seli haiwezi kuvitumia. Yabaki na vile vipimo 2 vya kwanza. Ndipo mtu huona kizunguzungu, huumwa kichwa, hutapika na kulegea, saa chache tu baada ya kula.

Mwaka 1988 jambo hili lilitokea katika wilaya ya Masasi. Chakula kilikuwa haba, na watu walizipunguza siku za kutengeneza mihogo ili wale upesi. Si haki kuwalaumu akina mama. Mtoto mwenye njaa hangojei makopa yakauke. Ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Nampula, ukame wa mwaka 1981 uliwalemaza watu zaidi ya 1,000 kwa ugonjwa uitwao konzo. Jina hilo ni la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika huko Kwango mwaka 1938. Miguu hukakamaa ghafula wala hairudi tena kuwa mizima, na wapatwao zaidi ni watoto na wanawake. Mkoa wa Mtwara uliupata mwaka 2002 na 2003.

Mwili una kinga yake. Huifunga sianidi kwa salfa na kuitoa katika mkojo. Salfa hiyo hutoka katika samaki, nyama, mayai na kunde. Kwa hiyo nyumba ilayo ugali mtupu majuma mengi ndiyo iliyo hatarini.

Wengine huuliza: kwa nini watu wa huku hawaloweki mihogo siku kadhaa kama wafanyavyo Kongo? Aliyepata kukaa juu ya uwanda wa Makonde hawezi kuuliza hivyo. Tangu zamani watu wa Newala wameshuka mabondeni kuteka maji; nani atayamwaga kwa ajili ya mihogo? Kwa hiyo huimenya na kuianika mizima, na katika makopa kama hayo linamarini nyingi husalia, kwa kuwa seli hazikupondwa.

Kwa ajili ya shida hiyo Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alitoa njia isiyotaka maji mengi, na wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania wakaitumia Mtwara. Mama hutia unga katika bakuli na kuweka alama ya kimo chake. Huongeza maji huku akikoroga. Unga hushuka kwanza, kisha hupanda, na ufikapo tena kwenye alama huacha. Huutandaza mkekani, unene usizidi sentimita 1, muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, na sumu huruka. Unga huo hupikwa siku ile ile, maana ukilala na unyevu wake huharibika.