Wafungwa waraibu: hatari huanza siku ya kuachiliwa

Siku ya kutoka gerezani ni siku ya furaha kwa mfungwa na jamaa zake. Lakini kwa yule aliyeingia humo akiwa mtumiaji wa heroini, siku hiyo pia ndiyo mwanzo wa majuma ya hatari kubwa kwa uhai wake.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2007 uliwafuatilia zaidi ya watu 30,000 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington. Ulionyesha kuwa katika wiki mbili za mwanzo, uwezekano wao wa kufa ulikuwa takriban mara 13 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo hilo. Sababu kuu ilikuwa kuzidisha kipimo cha dawa za kulevya.

Wataalamu wa tiba wanaeleza kuwa mwili uliokaa miezi kadhaa bila heroini hupoteza ustahimilivu wake, ilhali hamu ya dawa hiyo haifi. Mtu akirudia kipimo kilekile alichokizoea kabla ya kukamatwa, pumzi hupungua na huweza kukatika kabisa.

Sheria kali, mlango wa tiba

Saudi Arabia inajulikana kwa ukali wake dhidi ya mihadarati. Ulanguzi wa dawa hizo unaweza kuadhibiwa kwa kifo, na hukumu hizo zilianza kutekelezwa tena Novemba 2022 baada ya kusitishwa kwa karibu miaka mitatu.

Hata hivyo, sheria ya kupambana na mihadarati ya mwaka 2005 inamtenganisha mlanguzi na mgonjwa. Mtumiaji anayejitokeza mwenyewe, au anayepelekwa na jamaa zake kutafuta tiba, hafunguliwi mashtaka. Mahakama nayo inaweza kuamuru mraibu apelekwe katika kituo cha matibabu badala ya kutumikia adhabu. Hospitali za Al-Amal, jina lenye maana ya matumaini, zilianza kuwapokea wagonjwa wa aina hiyo katika miaka ya 1980, zikiwemo za Riyadh na Jeddah.

Kwa wale ambao tayari wako kifungoni, kuna juhudi za kuwajenga upya. Mfungwa anayehifadhi Qur'ani anaweza kupunguziwa sehemu ya kifungo chake, isipokuwa kwa makosa fulani. Kamati ya kitaifa ya kuwahudumia wafungwa, walioachiliwa na familia zao, maarufu kwa jina la Tarahum, iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Msingi wa kazi hiyo ni kwamba mtu anayerejea katika mtaa kama Al-Suwaidi, mjini Riyadh, akikuta nyumba imesambaratika na hana kazi, ni rahisi kurudi kwa wenzake wa zamani.

Tatizo jingine ni aina ya dawa zinazotumiwa. Vidonge vya Captagon, vilivyoenea nchini humo, ni vya jamii ya amfetamini na havina tiba mbadala kama methadoni, ambayo huwafaa watumiaji wa heroini na dawa za jamii yake. Mtumiaji wa Captagon hutegemea zaidi ushauri nasaha, usimamizi wa karibu na msaada wa familia.

Kwa wageni, wakiwemo wanaotoka Afrika Mashariki, mambo ni magumu zaidi. Sheria hiyohiyo inaagiza kuwa mgeni aliyehukumiwa kwa kosa la mihadarati afukuzwe nchini baada ya kumaliza kifungo, na asiruhusiwe kurejea isipokuwa kwa Hijja au Umra. Kwa hiyo tiba yoyote aliyoianza huko hukatika pale anapopanda ndege, na mzigo wa kumhudumia huhamia nyumbani kwao.

Hali katika pwani ya Afrika Mashariki

Katika pwani ya Afrika Mashariki, heroini ndiyo iliyoleta madhara makubwa. Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwezi Februari 2011, na Zanzibar ikafuata mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Kenya ilianza mwezi Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kabla ya huduma hiyo kufika Malindi na Mombasa.

Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Anayekamatwa na polisi akakosa dozi kwa siku chache huingia katika maumivu ambayo watumiaji wenyewe huyaita arosto. Kwa sababu hiyo huduma hiyo imefikishwa hata ndani ya gereza la Shimo la Tewa, mjini Mombasa, ili kifungo kisiwe mwisho wa tiba.

Visiwani Zanzibar, tangu mwaka 2009 zimefunguliwa nyumba za kurekebisha tabia zinazoendeshwa na watu walioacha dawa za kulevya. Humo mgeni huishi kwa miezi kadhaa pamoja na wenzake, mbali na maskani alikozoea kununua unga.

Kuunganisha ndani na nje

Mifano ya nchi nyingine inaonyesha kuwa vifo hivi vinazuilika. Jimbo la Rhode Island nchini Marekani lilianza mwaka 2016 kuwapa wafungwa wote wanaohitaji dawa za kutibu uraibu, na kuwaunganisha na kliniki za nje kabla hawajatoka. Katika muda wa mwaka mmoja, vifo vya kuzidisha kipimo miongoni mwa walioachiliwa karibuni vilipungua kwa takriban asilimia 60. Scotland nayo, tangu mwaka 2011, huwapa wafungwa wanaotoka naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidisha heroini.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015, zinataka huduma za afya gerezani ziambatane na zile za uraiani, ili tiba ya uraibu isikatike. Kinachohitajika si jengo jipya tu: ni barua ya rufaa, dozi ya kesho yake, na jamaa aliyearifiwa siku na saa ya kumpokea mtu wake.