Fosforasi Iliyofungwa Udongoni

Ng'oa mche wa mahindi wa wiki tatu katika shamba lililochoka huko Vihiga au Siaya. Majani ya chini yamepiga zambarau kuanzia kwenye ncha, na mizizi ni haba. Hiyo ni njaa ya fosforasi.

Kinachouma ni kwamba pengine mwenye shamba alitia DAP, tena kwa pesa za kukopa. Mbolea hiyo huyeyuka upesi. Lakini udongo mwekundu wenye tindikali umejaa chuma na aluminiamu, ambavyo huinasa fosforasi kabla mizizi haijaifikia. Kwa kawaida, msimu wa kwanza mahindi hayaambulii hata robo ya kilichotiwa. Kilichobaki kimefungwa udongoni, na huachiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Samadi na mboji zina njia yake. Zikioza, hutoa asidi zinazowahi kukaa pale kwenye chuma na aluminiamu ambapo fosforasi ingenasa. Bakteria na kuvu nao huila fosforasi, wakaitunza miilini mwao, na wakifa mizizi huipata. Udongo usiopata samadi hupungukiwa na vibarua hawa, na mimi naona hasara hiyo ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Hata hivyo, samadi peke yake haitoshi. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una takriban kilo 10 za fosforasi. Kuzipata kwa samadi ya boma kunahitaji tani kadhaa. Tena ng'ombe aliyekula nyasi za shamba lilelile haongezi kitu, anarudisha tu. Wakati huohuo, kila tani ya mahindi inayouzwa mjini huondoka na karibu kilo tatu za fosforasi, ambazo huishia vyooni. Ndiyo maana mbolea ya kinyesi kilichochakatwa vizuri, vimelea vikauawa kwa joto, inastahili kupokewa bila kinyaa. Hata fosfati ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, asili yake ni kinyesi na mabaki ya ndege wa kale. Hiyo huyeyuka polepole, na tindikali ya udongo ndiyo inayoisaidia.

Kwa mwenye mfuko mmoja na boma dogo, vyote viwili viingie shimo moja: konzi ya samadi iliyooza, kizibo cha soda cha DAP, vichanganywe na udongo, kisha udongo mwembamba juu yake ndipo mbegu ikae, isiunguzwe na mbolea.